Mfalme Hakuulizwa

Mama yangu ana kopo la biskuti ambalo tangu nipate akili sijawahi kuona biskuti ndani yake. Mna vifungo, risiti za ada, funguo za makufuli yaliyokwisha kupotea, na shilingi moja ya Afrika Mashariki ya mwaka 1924 aliyoiacha babu. Upande mmoja wa ile shilingi kuna simba mbele ya milima. Upande wa pili kuna kichwa cha mtu mwenye ndevu, George V, Mfalme wa Uingereza, ambaye babu yangu alitawaliwa kwa jina lake bila kuulizwa.

Nilisoma habari za kifo cha mtu huyo wa kwenye shilingi nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha mjomba, zamu yangu ya usiku. Mjomba alikuwa na saratani ya kongosho. Sisi tulijua, lakini yeye hatukumwambia. Hapo nitarudi, kwa sababu ndipo hadithi ya mfalme iliponishika shati.

Twende kwanza Sandringham, nyumba ya kifalme iliyoko Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ni tarehe 20 Januari 1936. Mfalme ana miaka 70, mapafu yake yamekuwa mabovu kwa miaka mingi, na moyo umechoka. Daktari wake mkuu ni Bertrand Dawson, naye ni lodi. Saa tatu na dakika 25 usiku Dawson anachukua kadi ya orodha ya vyakula, anaandika juu yake sentensi moja fupi: maisha ya Mfalme yanasogea kwa utulivu kuelekea mwisho wake. BBC wakaisoma redioni, wakairudia na kuirudia. Saa sita kasoro dakika tano, mfalme akafariki. Dunia nzima ikaamini kwamba amekwenda taratibu, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Iliamini hivyo kwa miaka 50. Mwaka 1986 mwandishi Francis Watson alichapisha katika jarida la History Today kile alichokikuta kwenye maandishi binafsi ya Dawson. Watson ndiye aliyeandika wasifu wa daktari huyo mwaka 1950, na katika kitabu kile jambo hili hakulitia. Sasa akalitoa. Dawson mwenyewe alikuwa ameandika kwamba ilipofika kama saa tano usiku aliona hatua ya mwisho inaweza kuchukua saa nyingi, mgonjwa hana habari, na watu wa nyumbani wamechoka kungoja. Kwa hiyo akaamua kuumaliza mwisho ule. Alimdunga mfalme mofini kwenye mshipa wa shingo, na muda mfupi baadaye kokeini. Alidunga kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa, anaeleza, ilionekana wazi kwamba muuguzi aliyekuwapo amefadhaishwa na jambo lile.

Kuna sababu nyingine aliyoitaja, na hii ndiyo inayowafanya watu wagune. Dawson alitaka habari ya kifo itoke kwanza kwenye magazeti ya asubuhi, gazeti la The Times hasa, isitangulie kwenye magazeti ya jioni aliyoyaona hayana hadhi. Alikuwa amekwisha kumpigia simu mkewe London awadokeze The Times wasifunge kurasa zao. Yaani saa ya kufa ya mfalme wa dola kubwa kuliko zote duniani ilipangwa pamoja na saa ya mtambo wa kuchapa magazeti!

Malkia Mary na Mwana Mfalme walikuwa wamemwambia daktari kwamba hawataki maisha ya mgonjwa yavutwe bila faida kama hakuna tumaini. Hilo limeandikwa. Lakini katika maelezo yote yale hakuna mahali panapoonyesha kwamba mgonjwa mwenyewe aliulizwa, ama siku ile ama kabla ya siku ile, alipokuwa bado na kauli.

Sasa twende miezi 10 na siku kadhaa mbele. Mwaka uliotangulia, yaani 1935, daktari wa afya ya jamii kutoka mji wa Leicester, Killick Millard, alikuwa ameongoza kuundwa kwa chama cha kutaka sheria iruhusu kifo cha hiari kwa wagonjwa wasioweza kupona. Tarehe 1 Desemba 1936 muswada wa chama hicho ulifikishwa katika Baraza la Malodi, bunge la juu la Uingereza, na Lodi Ponsonby. Ulikuwa muswada wa tahadhari, wenye makaratasi mengi. Mgonjwa awe mtu mzima, awe na ugonjwa wa kufisha usiotibika na wenye maumivu makali. Aombe mwenyewe, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Vyeti vya madaktari viambatishwe, halafu mwamuzi maalumu aje kumhoji.

Na nani akasimama kuupinga? Dawson.

Nilipofika hapo nilicheka kidogo, kile kicheko cha usiku kisicho na furaha, mjomba akageuza kichwa. Lakini ukisoma alichokieleza Dawson siku ile, unaona si rahisi kumwita mnafiki ukamaliza. Hakusema kwamba kufupisha mateso ya mtu anayekufa ni dhambi. Alisema karibu kinyume chake: kwamba madaktari wameanza kuona wajibu wao ni kuulainisha mwisho, hata kama kufanya hivyo kunapunguza siku. Alichokikataa ni sheria. Kwake chumba cha mgonjwa kisigeuzwe ofisi ya fomu na wakaguzi. Hayo ni mambo ya dhamiri ya daktari, yaachwe humo humo. Malodi wakapiga kura: 35 waliukataa muswada, 14 waliuunga mkono. Waliokuwa wakimsikiliza hawakujua kwamba mtu anayewaomba mlango uachwe umefungwa ndiye aliyekuwa ndani ya chumba.

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mjadala wote huu, tangu 1936 mpaka leo, umekuwa ni wa waliosimama kando ya kitanda. Na wote wawili, Millard na Dawson, walikuwa na huruma. Walichotofautiana ni neno la mwisho liwe la nani. Millard alitaka liwe la mgonjwa, liandikwe, lishuhudiwe, hata kama makaratasi yanachukiza. Dawson alitaka liwe la daktari, kimya kimya. Tatizo la huruma ya kimya kimya ni kwamba haina shahidi. Siku ikikosea, ikaingiza humo uchovu wa ndugu, au gharama, au gazeti la asubuhi, hakuna atakayejua.

Hata hivyo wanaoogopa sheria ya namna hiyo nao wana hoja, wala haijazeeka. Mwaka 1961 Uingereza iliacha kumhesabu mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, lakini sheria hiyo hiyo ikaweka kifungo kinachofika miaka 14 kwa atakayemsaidia mwingine. Diane Pretty, mwanamke aliyepooza kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, aliomba ahakikishiwe kwamba mumewe hatashtakiwa akimsaidia. Alishindwa mahakama za nyumbani. Tarehe 29 Aprili 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikamkatalia: haki ya kuishi, ilisema, haizai haki ya kufa. Akafariki tarehe 11 Mei, hata wiki mbili hazijatimia, baada ya siku za kushindwa kupumua, jambo lile lile alilokuwa akiliogopa.

Novemba 2024 bunge la chini la Uingereza liliujadili tena muswada wa aina hii, ukapita kwa kura 330 dhidi ya 275. Juni 2025 likaupitisha tena kwa 314 dhidi ya 291, pengo limepungua, ukapelekwa kwa Malodi, kule kule kwa Dawson. Safari hii mgonjwa awe amebakiwa na miezi isiyozidi sita na dawa ainywe kwa mkono wake. Miongoni mwa waliopinga kwa nguvu walikuwamo watu wenye ulemavu. Walisema: leo mnasema ni hiari, kesho mzee ataiona bili ya matunzo mezani na kuisoma kama barua ya kumfukuza. Nimeitafakari hoja hiyo nikashindwa kuitupa. Kwetu mtu hahitaji hata bili. Anasikia tu wanawe wakinong'ona barazani kuhusu shamba litakalouzwa.

Na sisi je? Kanuni ya Adhabu iliyoletwa Tanganyika mwaka 1930, enzi za yule yule wa kwenye shilingi, ilirithiwa na nchi huru, na mpaka leo inasema kwamba anayeharakisha kifo cha mtu mgonjwa amesababisha kifo hicho. Kwa kipimo cha sheria iliyowafunga babu zetu kwa jina lake, mfalme aliuawa. Bunge letu halina mjadala wa Millard na Dawson. Tulichonacho ni tiba shufaa, ile kazi ya kutuliza maumivu ya asiyepona, iliyopata nguvu Uganda tangu 1993 pale Dokta Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa na mofini ya maji ya bei nafuu. Chupa ya mjomba ilikuwa ya aina hiyo. Ilimsaidia. Usiku ambao chupa ilikuwa imekwisha na nyingine haijapatikana, nilielewa kwa nini mtu anaweza kuiandikia sheria barua.

Usiku mmoja kama huo ndio aliouliza. Hakuomba afe. Alisema tu, "Mwanangu, hivi mimi naumwa nini?"

Nikamwambia vidonda vya tumbo, mjomba, vitapona.

Tulikuwa tumekubaliana hivyo, mama, shangazi na mimi, siku daktari alipotuita pembeni kwenye korido akamwacha mgonjwa kitini. Tulisema tunamhurumia. Tulisema akijua atakata tamaa. Dawson angetuelewa vizuri sana. Sisi ni wanafunzi wake bila kuwahi kumsikia. Tuliamua kuhusu mwisho wake tukiwa tumechoka, tunapendana naye, na mlango umefungwa. Mjomba alikuwa na deni alilotaka kulipa na mtoto wa nje aliyetaka kumwona. Haya tuliyajua matangani, kutoka kwa rafiki yake.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani katika mjadala wa kusaidiwa kufa, nasema sijafika huko bado. Siwezi kudai mgonjwa apewe haki ya kuchagua siku yake wakati sikumpa hata jina la ugonjwa wake. Wala siwezi kumlaumu anayepinga, maana nimeona jinsi ndugu wema wanavyoweza kumsemea mtu aliye hai. Muswada wa Ponsonby ulikuwa na kasoro zake, lakini ulianza na jambo ambalo Sandringham halikufanyika na kwetu halikufanyika: mtu aende kitandani, akae, amuulize mgonjwa anajua nini na anataka nini, halafu anyamaze asikilize jibu.

Shilingi nimeirudisha kwenye kopo. Mama sasa ana miaka 74, ana presha na magoti, si zaidi. Juzi nilimuuliza siku yake ikikaribia angependa tumfanyieje. Aliniangalia kama niliyemtakia mabaya. Akaendelea kuchambua mchele. Nikadhani mazungumzo yamekwisha.

"Mniambie ukweli," akasema baadaye, bila kuinua uso. "Msije mkanifanya kama kaka yangu."