Mifupa ya Mtwapa Yatukumbusha Mama Zetu

Uislamu ulitufikia Buganda mwaka 1844, zama za Kabaka Suna II, kupitia wafanyabiashara wa pwani. Je, watu wa pwani asili yao nini? Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba alitafuta jibu makaburini Mtwapa, Kenya. Kaburi la Muislamu lina heshima yake: wenyeji waliombwa ruhusa, na mifupa ikazikwa tena.

Mwaka 2023 wataalamu walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani. Kuanzia takriban mwaka 1000, wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika. Masimulizi ya Washirazi yana ukweli, lakini nusu yake ni mama. Basi tukihesabu nasaba, tumtaje naye.