Kwenu Wapi?

Ukitaka kuelewa jinsi mgeni anavyoruhusiwa kuingia mtandaoni, usianzie Marekani. Anzia huku kwetu Manyoni, kwenye njia ya misafara.

Katika karne ya 19, misafara ya kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilikatiza Ugogo. Richard Burton alipita mwaka 1857, Henry Morton Stanley mwaka 1871, na wote wawili walilalamikia hongo. Kila mtemi alidai nguo zake, merikani na kaniki, ndipo aachie njia. Wagogo walikuwa na hoja yao: nchi ni kame, na maji ni yao. Lakini ulicholipa kwa mtemi wa jana hakikukusaidia kwa mtemi wa leo. Ulianza upya kila mlango, mpaka ukaingia pori la Mgunda Mkali.

Siku hizi tuna njia nyingine. Ukienda ofisi fulani usikojulikana, karani atakwambia: lete barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa. Karani hakujui wewe, anaujua mhuri. Basi hiyo ndiyo kazi ya seva ya proksi ya uthibitishaji: haikujui, ila inajua wa kumuuliza.

Mwaka 1991 shirika la Merit Network la Michigan lilitafuta namna moja ya kuwatambua watu walioingia mtandaoni kwa simu kupitia vituo vyake vingi. Kampuni ya Livingston Enterprises ikaleta mfumo ulioitwa RADIUS, kazi ya Carl Rigney na wenzake. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1997, na ndani yake seva isiyomjua mtu iliruhusiwa kupeleka swali kwa seva inayomjua. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa SURFnet, Uholanzi, akapendekeza vyuo viunganishwe kwa njia hiyo. Ndipo ukazaliwa mtandao wa eduroam. Kwetu Afrika Mashariki unasimamiwa na KENET Kenya, RENU Uganda na TERNET Tanzania.

Tuseme mwanafunzi wa Makerere amefika kwenye chuo cha Tanzania kilichojiunga. Anaandika jina lake, alama ya @, halafu jina la chuo chake. Seva ya mwenyeji inatazama nyuma ya @: aa, huyu si wetu! Swali linapandishwa kwa seva ya taifa, linavuka hadi Uganda, linafika Makerere. Jibu linarudi njia ile ile: mruhusu, au mkatalie. Simu ikipangwa vizuri, neno la siri husafiri limefungwa, wa katikati hawalisomi.

Kuijenga si uchawi. Programu ya FreeRADIUS, iliyoanza mwaka 1999, ni ya bure. Kwenye faili la proxy.conf unaandika majina ya vyuo na seva ya kila kimoja. Kwenye clients.conf unaandika nani aruhusiwe kukuuliza, na neno la siri lenu wawili. Unafungua namba 1812, unaiwasha kwa amri ya freeradius -X, unatazama maswali yakipita mstari kwa mstari. Kazi ngumu ni kuiendesha: vyeti visipitwe na muda, umeme usikatike, kumbukumbu zitunzwe. Seva moja ya katikati ikilala bila mbadala, mgeni anabaki nje hata kama kwao anajulikana vizuri.

Sasa mimi nina swali. Nimemaliza sekondari, sina chuo. Baada ya @ niandike nini? Proksi haina chuki na mtu, inauliza tu kwenu wapi, na mimi sina pa kutaja. Mtemi wa Ugogo, pamoja na ukali wake, alimfungulia yeyote mwenye nguo. Mlango huu haununuliki, na tulioishia kidato cha nne ndio tunaohitaji sana vitabu vilivyoko nyuma yake.

Mwenyekiti wa mtaa humwandikia barua kila mkazi, msomi na asiye msomi. Kwa nini maktaba za umma zisitufanyie hivyo, zikawa ndio kwetu mtandaoni? Kwenye proxy.conf ni mistari michache tu. Kinachosubiriwa ni mtu wa kukubali kutudhamini.