Chumvi ya Jasho: Kutoka Tanuri la Manowari Hadi Chupa ya Mkimbiaji

Ijumaa alfajiri Madinat Sultan Qaboos huwa kimya kiasi cha kusikia raba zinavyogonga lami. Mtaa huu wa Maskati umekaa juu ya vilima. Ulijengwa miaka ya 1970, pesa ya mafuta ilipoanza kuonekana, na kwa mkimbiaji sifa yake kubwa ni kwamba kutoka ni mteremko. Tunashuka hadi Qurum, tunafuata ufukwe wa Shatti, kisha tunageuza. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana mteremko ulioufurahia saa kumi na moja na nusu umekaa palepale unakungoja, na safari hii jua liko mgongoni. Njiani tunaongea Kiarabu, Kiingereza na chochote kingine, lakini pumzi zikianza kukata Kiswahili ndicho kinachobaki: "Ami, leo umetuua."

Mwezi wa Mei nilirudi kutoka mbio kama hizo nikiwa na fulana nyeusi iliyochorwa ramani. Mistari myeupe ilipita mgongoni imejikunjakunja kama pwani ya Pemba, na ukingo wa kofia ulikuwa umekauka ukawa mgumu. Msuli wa shavu la mguu wa kushoto ulikuwa unacheza wenyewe chini ya ngozi. Mzee wetu wa kundi, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati akiwa kijana, aliniangalia akacheka. "Hiyo chumvi yote imetoka kwako. Utailipa na nini?" Akafungua buti ya gari akanipa chupa. Ndani mlikuwa na maji, ndimu, sukari na chumvi. Nilipoonja tu nikaijua: ni ladha ya kitandani utotoni, tumbo la kuendesha, na bibi aliyeshika kijiko.

Vijana wa kundi wanatumia pakiti za unga zenye picha ya radi, na wanaamini elimu hii ilizaliwa kwenye viwanja vya michezo. Hapana. Michezo ilifika ya mwisho, ikakuta wengine wameshailipia.

Kwanza tuelewane kuhusu jasho lenyewe. Chini ya vilima vyetu, Qurum, kuna msitu wa mikoko uliohifadhiwa, na jina la mahali linatokana na neno la Kiarabu la mti huo. Ni mchu, uleule wa Ghuba ya Chwaka. Pitisha ulimi kwenye jani lake utaonja chumvi: mti unaishi kwenye maji ya bahari, na chumvi inayozidi unaisukuma nje kwa majani. Mchu unatoa kilichozidi. Binadamu anatoa anachokihitaji, kwa sababu tezi zake hazijui kutengeneza jasho lisilo na chumvi. Lita moja ya jasho huondoka na takriban gramu moja ya sodiamu, sawa na gramu mbili na nusu za chumvi ya mezani, nusu kijiko cha chai kasoro kidogo. Hiyo ni wastani tu. Yuko anayetoa nusu ya hapo na yuko anayetoa maradufu, na wote wawili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Kwenye joto, mtu akikimbia hutoka jasho lita moja hadi mbili kwa saa. Potasiamu nayo hutoka, ila kidogo.

Sasa twende bandarini. Kwenye majabali yanayoizunguka bandari kongwe ya Maskati, karibu na ngome za Jalali na Mirani, mabaharia wa meli zilizotia nanga walikuwa wakipaka rangi majina ya meli zao. Inasimuliwa kuwa Sultan Said bin Taimur aliyaita majabali hayo kitabu chake cha wageni. Majina ya manowari za Kiingereza yameandikwa humo. Ya watu waliokuwa chini kabisa ya manowari hizo, kwenye matanuri, hayamo.

Wengi wao walikuwa watu wetu. Tangu karne ya 19, jeshi la majini la Uingereza katika Bahari ya Hindi liliajiri mabaharia walioitwa Masidi: watu wa pwani ya Afrika Mashariki, wengi wao watumwa walioachwa huru, walioandikishwa Unguja, Aden na Bombay. Manowari HMS London, iliyotia nanga Unguja kuanzia 1874 hadi miaka ya mwanzo ya 1880 kuwinda majahazi ya watumwa, ilikuwa nao. Meli zilipoanza kwenda kwa mvuke, Masidi wakapewa koleo na makaa. Wakubwa wa meli walishikilia kuwa Mzungu hawezi tanuri katika Bahari ya Shamu au Ghuba wakati wa kiangazi, na kwamba mweusi ameumbiwa joto.

Hilo la kuumbiwa lilikuwa kisingizio. Ukweli uliojificha nyuma yake ni kwamba mwili wowote ukipikwa kwa joto wiki moja au mbili hujifunza kubana chumvi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan aliwaweka watu kwenye joto akapima jasho lao, akaona sodiamu ikipungua siku baada ya siku. Tezi zilizokaa juu ya figo zilikuwa zinatoa amri ya kubana. Homoni inayobeba amri hiyo leo inaitwa aldosteroni, na mwaka 1955 Conn akaeleza ugonjwa wa kuzidi kwake, ambao mpaka sasa una jina lake. Ndiyo maana mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Maskati mwezi wa Juni, akavaa raba kesho yake, hulowesha shati kwa chumvi kuliko mwenyeji. Rangi haimo katika hesabu hiyo.

Madaktari wa melini waliujua ugonjwa wa wachochea moto. Mtu anamaliza zamu akiwa ametoka jasho ndoo nzima, anakunywa maji mpaka tumbo linajaa, halafu misuli ya tumbo na miguu inakaza kama kamba ya nanga. Kilichowashangaza ni kwamba aliyekunywa maji mengi ndiye aliyeshikwa zaidi. Jibu lilipatikana chini ya ardhi. Katika mgodi wa makaa wa Pendleton, karibu na Manchester, wenye kina kirefu na joto kali, mtafiti K. Neville Moss alifuatilia wachimbaji waliokuwa wakikazwa na misuli, akishirikiana na mwanafiziolojia J. S. Haldane. Mwaka 1923 alichapisha matokeo yake: jasho linachukua maji na chumvi, wachimbaji wanarudisha maji peke yake, damu inakuwa chapwa. Walipowekewa chumvi kidogo kwenye maji ya kunywa, kukazwa kukaisha. Unaweza kusema ni jambo dogo. Lakini hapo ndipo mtu alipokaa akapima kile ambacho mpishi yeyote wa meli angeweza kukisia.

Kutoka hapo habari ilisafiri kwa njia ya kazi ngumu. Mwaka 1932 watafiti wa maabara ya uchovu ya Harvard walikwenda Nevada, kwenye ujenzi wa bwawa la Hoover, ambako joto lilikuwa limeua vibarua mwaka uliotangulia, wakashauri chumvi. Kisha vita vikaileta Ghuba. Ladell, Waterlow na Hudson walichunguza askari wa Kiingereza waliokuwa wakianguka kwa joto huko Iraq, na mwaka 1944 wakaandika kwenye jarida la Lancet. Huyo Waterlow, kijana wakati huo, baadaye akawa bingwa wa utapiamlo wa watoto, akashughulika na watoto wanaopoteza maji na potasiamu kwa kuhara.

Na kuhara ndiko kulikoleta nusu ya pili ya chupa, yaani sukari.

Maskati na Unguja zinajua kipindupindu kwa uchungu. Kilifika Maskati 1821, katika wimbi la kwanza lililotoka Bengal, kikaua kwa maelfu. Unguja ilipigwa mara kadhaa, na pigo la 1869 na 1870 liliandikwa kwa kina na James Christie, daktari aliyekuwa akifanya kazi huko, katika kitabu chake cha 1876 kuhusu magonjwa hayo Afrika Mashariki. Alifuata njia za misafara na za majahazi kuonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri. Alichokosa ni cha kumpa mgonjwa, ingawa mlango ulikuwa umeshabishwa: mwaka 1832 huko Leith, Scotland, Thomas Latta aliwatia wagonjwa maji ya chumvi mshipani na baadhi wakainuka. Akafa mwaka uliofuata, na wazo lake likalala kwa miongo.

Kunywesha chumvi kwa mdomo hakukusaidia sana, kwa kuwa utumbo unaoharisha huirudisha. Mwaka 1960, mkutanoni Prague, Robert Crane alieleza kwa nini sukari inabadilisha mambo. Kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango ambao sodiamu na glukosi hupita wakiwa wameshikana mikono, na maji huwafuata nyuma. Sukari hapo ni mwenyeji anayemwingiza mgeni ndani. Mwaka 1968 David Nalin na Richard Cash walionyesha huko Dhaka kwamba kwa wagonjwa wa kipindupindu kinywaji kinaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya dripu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipomwishia, Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na sukari kwenye mapipa na kuwaachia jamaa za wagonjwa wawanyweshe. Vifo vikashuka kutoka kati ya asilimia 20 na 30 mpaka asilimia 3.6. Pakiti ya ORS ya zahanati zetu ni mtoto wa mapipa yale. Fomula ya sasa, ya 2002, ni chumvi gramu 2.6, glukosi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5 na sitrati 2.9, kwa lita moja. Bibi yangu alipima kwa kijiko: sukari sita, chumvi nusu, vyote sawasawa na ukingo, na akikupa lazima aonje kwanza. Ikizidi chumvi ya machozi, anamwaga.

Wakimbiaji wakati huo wote walikuwa wapi? Walikuwa wanakatazwa kunywa. Marathoni ya Olimpiki ya St. Louis, 1904, ilikimbiwa kwenye vumbi na joto, na maji njiani yalikuwa haba mno. Walioanza walikuwa 32, waliomaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, aliburutwa hadi mwisho kwa brandi na striknini, ambayo ni sumu ya panya. Hata miaka ya 1960 kanuni za kimataifa hazikuruhusu kituo cha vinywaji katika kilomita 11 za mwanzo.

Mwaka 1965 kocha msaidizi wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Florida alimuuliza Dakta Robert Cade kwa nini wachezaji wake hawakojoi wakati wa mechi. Cade akachanganya maji, chumvi, sukari na potasiamu. Haikunyweka. Mkewe akashauri maji ya limau, na hapo ndipo Gatorade ikapata maisha. Florida ilipotwaa Orange Bowl mwanzoni mwa 1967, dunia nzima ikataka chupa.

Kisha tukapindukia upande wa pili. Kufikia 1996 mwongozo wa wataalamu wa Marekani ulikuwa ukiwahimiza wakimbiaji wanywe kadiri tumbo linavyovumilia. Huko Afrika Kusini, Tim Noakes alikuwa ameshaanza kupiga kelele tangu miaka ya 1980, baada ya kuona wakimbiaji wa mbio ndefu za Comrades wakianguka kwa maji kuzidi, sodiamu ya damu ikiwa imeshuka na ubongo umevimba. Katika Boston Marathon ya 2002 mwanamke mmoja alikufa hivyo, na kati ya wakimbiaji 488 waliotoa damu mstari wa mwisho, asilimia 13 walikuwa na sodiamu pungufu. Kilekile cha Pendleton, ila safari hii waathirika walikuwa wamelipia kiingilio.

Hapa kuna jambo ambalo chupa za dukani hazilisemi. Kinywaji cha kawaida cha michezo kina sodiamu kama robo tu ya ile ya ORS, na kwa wengi ni chini ya ile ya jasho lenyewe. Ukikinywa kupita kiasi bado unaifanya damu yako iwe chapwa. Hata ule msuli wangu uliokuwa ukicheza si lazima ulikuwa unalilia chumvi. Wapo watafiti, wengine wa hukohuko Afrika Kusini, wanaosema msuli wa mkimbiaji hukaza kwa uchovu wa neva. Wakenya, ambao tunawatolea mifano ya kila kitu, walichunguzwa kwenye kambi zao za Bonde la Ufa, na utafiti uliochapishwa 2008 ukakuta wanakunywa kwa kiu tu, maji na chai ya maziwa, na miili yao iko sawa.

Mimi nimeanza kupima. Juzi nilipanda mizani kabla na baada ya saa mbili za kukimbia. Nilipungua kilo 1.8, na nilikuwa nimekunywa nusu lita: jasho lita 2.3, chumvi kama kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Nacho kinarudi mezani bila haraka. Baada ya mbio tunakaa barazani kwa mzee. Huletwa laban yenye chumvi, tende kwa ajili ya potasiamu (yeye husema kwa ajili ya baraka), chapati, mbaazi za nazi, achari ya ndimu. Aliyetoka Salalah hivi karibuni huwa amebeba madafu, matamu lakini sodiamu yake haba.

Wiki hii nilimuuliza mzee vipimo vya chupa yake. Akanionyesha kwa kidole na gumba: hiki cha chumvi, hiki cha sukari, ndimu mbili. Nikamuuliza kama na yeye hunywa ile ile. Akatikisa kichwa. Daktari wa presha amemkataza chumvi, mwaka wa tatu sasa. Yake ni maji matupu, na huwa haendi zaidi ya ufukwe. Ile ya kwenye buti anaichanganya saa kumi za usiku, anaionja, kisha anatema.