SAFARI YA PETROLI: HISTORIA YA KABURETA NA MAGONJWA YAKE

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini nyote mmekaa vizuri, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya ubaoni: petroli, kabureta, boya, sindano, pampu. Maneno hayo matano ndiyo yatakayotuongoza leo.

Watu wengi wakisikia neno historia hufikiri habari za wafalme na vita tu. Lakini vyombo navyo vina historia yao. Na mtu ajuaye chombo kilitoka wapi hupata pia njia ya kujua kinaugua nini. Leo tutafuata historia ya kabureta, yaani kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia katika injini. Kisha tutaona jinsi fundi anavyotafuta kosa katika motokaa ya zamani ya spoti.

1. Mwanzo wa kabureta

Kwanza jiulize: kwa nini petroli ichanganywe na hewa? Moto wowote hutaka hewa. Funika jiko la makaa, nalo litazimika. Ndivyo ilivyo ndani ya injini. Kwa kila ratili 1 ya petroli injini hutaka karibu ratili 15 za hewa. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi na plagi huingia masizi. Hewa ikizidi, injini hukosa nguvu na humisi. Kazi ya kabureta ni kupima, kama mpishi apimavyo chumvi.

Mwezi wa Agosti 1888, huko Ujerumani, Bertha Benz alichukua motokaa aliyoiunda mumewe, Karl Benz. Akatoka Mannheim pamoja na wanawe wawili kwenda Pforzheim, mwendo wa kilometa 100 hivi. Siku zile hapakuwa na kituo cha petroli popote. Bibi huyo alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch. Husimuliwa kwamba bomba la mafuta liliziba njiani, naye akalizibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Angalieni basi: hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya motokaa, na tayari ugonjwa wa mafuta ulikuwamo.

Katika motokaa ile hewa ilipita juu ya mafuta na kuchukua mvuke wake tu. Mwaka 1893 Mjerumani mwingine, Wilhelm Maybach, alitengeneza kabureta iliyonyunyiza petroli kupitia kitundu chembamba, kama mtu anyunyizavyo dawa ya mbu kwa bomba la mkono. Ndani yake mlikuwa na boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kufunga mlango. Petroli ikipungua, boya hushuka na mlango hufunguka.

2. Ndugu wawili na mfuko wa ngozi

Sasa twende Uingereza. Jamaa ya Skinner walikuwa na biashara kubwa ya viatu mjini London. Mmoja wao, George Herbert Skinner, alipenda motokaa kuliko viatu. Mnamo mwaka 1905 aliomba hati ya kulinda kabureta aliyoibuni. Ndani yake alitia mfuko wa ngozi, mfano wa mvukuto wa mhunzi. Mtoto wa mfanya viatu huijua ngozi!

Mwaka 1910 yeye na ndugu yake Carl walianzisha kampuni iliyoitwa S.U. Baadaye mfuko wa ngozi ukaondolewa, pakawekwa pistoni ya chuma. Mwaka 1926 kampuni ikanunuliwa na W. R. Morris, mwenye kiwanda cha motokaa.

Sikilizeni jinsi kabureta ya S.U. inavyofanya kazi. Chini ya pistoni ile imefungwa sindano ndefu iliyochongoka, nayo huingia katika kitundu cha petroli. Dereva akikanyaga mafuta, injini hunyonya hewa nyingi na pistoni hupanda. Sindano nayo hupanda. Kwa kuwa sindano ni nyembamba upande wa chini, nafasi ya kitundu huongezeka na petroli nyingi hupita. Hewa ikiongezeka, petroli huongezeka. Hewa ikipungua, petroli hupungua.

Kabureta hizo zilifungwa katika motokaa nyingi za spoti za Kiingereza. Mojawapo ni MGB, iliyoundwa mjini Abingdon tangu mwaka 1962 hadi 1980. Ziliundwa zaidi ya nusu milioni, na nyingi kati yake zilikuwa na kabureta mbili za S.U. Hata leo watu wengi wanazitunza.

3. Kosa lililohatarisha maisha

Msidhani kosa la kabureta ni jambo la kuchelewa kazini tu. Mwaka 1940 marubani wa Uingereza walipigana na Wajerumani angani. Ndege zao, Spitfire na Hurricane, zilikuwa na injini iitwayo Merlin, na kabureta yake ilikuwa na boya. Rubani alipoinamisha pua ya ndege kwa ghafula, petroli ilirushwa juu na boya halikuweza tena kuipima. Kwanza injini ilikosa petroli, ikakatika. Kisha petroli ikaingia kwa wingi mno, ikazamisha injini. Ndege za Kijerumani za Messerschmitt hazikuwa na shida hiyo, kwa sababu petroli yao ilisukumwa moja kwa moja ndani ya injini. Basi Mjerumani aliyekuwa akifukuzwa aliinama tu, akakimbia.

Aliyepata dawa alikuwa mwanamke, mhandisi Beatrice Shilling, aliyekuwa pia hodari wa mashindano ya pikipiki. Alitengeneza kidude kidogo cha shaba chenye tundu katikati. Kidude hicho kilipitisha petroli iliyotosha injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote, wala si zaidi. Tangu Machi 1941 yeye na mafundi wake walizunguka katika viwanja vya ndege wakikifunga. Hakikuponya kila kitu, lakini kilizuia injini isizame, mpaka kabureta za namna nyingine zilipopatikana. Yeye hakuunda injini upya. Alifuata njia ya petroli mpaka akaona mahali inapozidi.

4. Petroli nayo hubadilika

Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba dawa yenye madini ya risasi huzuia injini isigonge. Lakini risasi ni sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha dawa hiyo huko New Jersey walikufa. Hata hivyo iliendelea kuuzwa miaka mingi. Uingereza iliacha kuiuza madukani mwishoni mwa mwaka 1999. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki, ziliiacha ilipoanza 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Mwaka huohuo wa 2021, petroli ya kawaida ya Uingereza ilianza kutiwa spiriti mpaka sehemu 10 katika 100. Spiriti hiyo huvuta maji, nayo hudhoofisha mipira ya zamani. Basi motokaa ya mwaka 1965 huweza kuvuja ingawa mwenyewe hakuharibu kitu. Na katika MGB bomba la moshi, lenye moto mkali, liko chini ya kabureta. Petroli ikidondokea hapo, motokaa huteketea.

5. Kutafuta kosa

Sasa tufuate safari ya petroli, tangu tangi mpaka injini.

Kwanza, nusa na tazama. Ukiona petroli inavuja, usiwashe injini, wala usikaribishe sigara. Badilisha mpira kwanza.

Pili, fungua ufunguo bila kuwasha injini, usikilize. Pampu ya umeme ya S.U. hulia ta-ta-ta, kisha hunyamaza vibakuli vya kabureta vikijaa. Ikiwa kimya tangu mwanzo, haipati umeme au vyuma vyake vinavyogusana vimeungua. Ikilia bila kukoma, tangi ni tupu, au inavuta hewa, au petroli inamwagika mahali.

Tatu, kabureta ikifurika, tazama boya. Huenda limetoboka, au uchafu umezuia mlango usifunge.

Nne, injini ikiwa imezimwa, inua pistoni kwa kidole na kuiachia. Yapasa ishuke ikagonga, ko! Isiposhuka, ina uchafu au sindano imepinda. Tazama pia mafuta mepesi yaliyo juu yake. Yakikauka, injini husita dereva anapokanyaga.

Tano, fungua plagi. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Rangi ya kahawia, kipimo ni sawa.

Lakini kabla ya kugusa parafujo yoyote ya kabureta, hakikisha umeme wa plagi ni mzuri. Mara nyingi kabureta hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Na ukirekebisha, rekebisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukigeuza vitu vitatu pamoja, hutajua ni kipi kilichoponya, wala ni kipi kilichoharibu.

Maswali ya kujibu darasani

1. Bertha Benz alinunua mafuta wapi? Kwa nini?
2. Boya hufanya kazi gani ndani ya kabureta?
3. Eleza kwa maneno yako tatizo alilolitatua Beatrice Shilling.
4. Kwa nini motokaa ya zamani huweza kuvuja siku hizi?
5. Andika sentensi tano juu ya chombo unachotumia kazini mwako: kilitoka wapi, na huugua nini.

Kwaherini, wanafunzi. Someni tena ukurasa huu kwa sauti, mmoja mmoja, kabla ya kutoka darasani.