Utoaji wa DNA ya mimea

Utoaji wa DNA ya mimea ni kazi ya maabara ya kutenga DNA na vitu vingine vya seli. DNA hiyo imo katika kiini, mitokondria na kloroplasti. Kikwazo cha kwanza ni ukuta wa selulosi, lakini kinachosumbua zaidi ni sukari tata na polifenoli, ambazo hugandamana na DNA na kuharibu vipimo.

Majani machanga husagwa, mara nyingi yakiwa yamegandishwa kwa nitrojeni kimiminika, kisha hupashwa joto la nyuzi 65 hivi pamoja na chumvi nyingi na kemikali ya jamii ya sabuni iitwayo CTAB. Klorofomu huondoa protini. Isopropanoli huifanya DNA ijitenge kama nyuzinyuzi nyeupe. Njia hii ilichapishwa na Murray na Thompson mwaka 1980, na haijachakaa.

Katika muhogo, DNA ya jani hupimwa kwa PCR, mbinu ya kunakilisha DNA, ili kutambua virusi vya batobato. Virusi vya michirizi ya kahawia havionekani hivyo, kwa kuwa jenomu yao ni RNA. DNA ya mimea hutumika pia kutambua spishi: mwaka 2009 wanabotania walipendekeza jeni mbili za kloroplasti, rbcL na matK, ziwe kitambulisho cha spishi, hata pale ambapo mmea umebaki unga tu.