Streptomyces griseus: Bakteria wa Udongoni Aliyeleta Dawa ya Kifua Kikuu

Streptomyces griseus ni bakteria anayeishi udongoni na kuozesha mabaki ya mimea. Hukua kwa nyuzi nyembamba zinazotambaa mithili ya ukungu, kisha hutoa spora zinazovumilia ukame. Jamaa zake wa jenasi ya Streptomyces ndio hasa wanaotengeneza geosmini, kemikali inayoupa udongo harufu yake mvua inapoanza kunyesha. Bakteria hawa hutengeneza pia kemikali zinazodhuru vijidudu wengine, na humo ndimo zilimotoka antibiotiki nyingi zinazotumika hospitalini.

Mtaalamu wa Urusi, Alexander Krainsky, alimweleza bakteria huyu mwaka 1914. Muda mfupi baadaye Selman Waksman, mhamiaji aliyezaliwa Ukraine, alimpata katika udongo wa New Jersey, Marekani. Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyejua kuwa baadhi ya aina zake zina dawa ndani yake.

Mwaka 1943 penisilini ilikuwa imeanza kuokoa maisha, lakini haikufua dafu mbele ya kifua kikuu. Katika maabara ya Waksman, Chuo Kikuu cha Rutgers, mwanafunzi Albert Schatz, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akipima bakteria wa udongoni mmoja baada ya mwingine. Bakteria wa udongoni alipandwa kwa mstari mmoja katika kisahani cha chakula cha vijidudu, na wale wa magonjwa wakapandwa kwa mistari iliyouelekea. Palipokuwa na dawa, mistari hiyo ilikomea njiani. Oktoba 19, 1943, Schatz alipata alichokitafuta katika aina mbili za S. griseus: moja kutoka udongo wa shamba lenye samadi nyingi, nyingine kutoka koo la kuku. Januari 1944 Schatz, Elizabeth Bugie na Waksman walitangaza dawa hiyo, streptomaisini.

Dawa hii hujishikiza kwenye ribosomu, sehemu ya seli inayounda protini, na kuifanya iunde protini zenye kasoro, hata bakteria akafa. William Feldman na Corwin Hinshaw wa Mayo Clinic waliijaribu kwa simbilisi walioambukizwa kifua kikuu, kisha kwa binadamu.

Mwaka 1947 Uingereza iliifanyia jaribio lililoweka msingi wa utafiti wa tiba wa kisasa, kwa kuwagawa wagonjwa 107 kwa bahati nasibu. Baada ya miezi 6, kati ya 55 waliodungwa streptomaisini walifariki 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walifariki 14. Hata hivyo, bakteria walijenga usugu kwa wagonjwa wengi, na baada ya miaka 5 zaidi ya nusu ya waliotibiwa walikuwa wamefariki. Ikadhihirika kuwa kifua kikuu hakitibiki kwa dawa moja.

Waksman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Schatz hakutajwa, ingawa kesi aliyoifungua mwaka 1950 ilimalizika kwa makubaliano yaliyomtambua kuwa mgunduzi mwenza.

Afrika Mashariki ilichangia sura iliyofuata. Majaribio yaliyoanza hapa mwaka 1970 yalionyesha kuwa streptomaisini, isoniazidi na rifampisini zikitumiwa pamoja hutibu kwa miezi 6, badala ya mwaka mmoja na nusu hivi. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kudhibiti kifua kikuu, ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa daktari Karel Styblo, uliitumia tiba ya muda mfupi na kuwa kielelezo kwa dunia.

Leo streptomaisini si dawa ya mstari wa mbele. Hutolewa kwa sindano, inaweza kuharibu usikivu na mizani ya mwili, na usugu umeenea. Hubaki akiba kwa baadhi ya wagonjwa wa kifua kikuu sugu, na bado hutibu tauni. Jenomu ya S. griseus, iliyosomwa yote mwaka 2008, ina makundi zaidi ya 30 ya jeni za kutengeneza kemikali za aina hii, mengi yakiwa bado hayajachunguzwa, na ndiyo maana watafiti wanaendelea kuchimbua udongo.