Kompyuta Bubu za Mlimani na Daftari la Fundi

Kila inapozungumzwa historia ya kompyuta nchini Tanzania, haikosi kusikika kauli kwamba mashine za mitumba zilizopanda Kilimanjaro kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 zilikuwa takataka za Ulaya. Zilikuja bila sauti, husemwa, zikakaa ofisini zimefunikwa vitambaa vya kufuma, mwisho zikatupwa. Nimeisikia kauli hii mara nyingi hadi nikakaribia kuiamini. Niliacha siku nilipofunguliwa daftari moja mjini Moshi.

Ni daftari la kaunta la kwaya tatu, jalada lake limeshikizwa kwa plasta. Mwenyewe ni fundi aliyeanza na redio-kaseti, akahamia kwenye kompyuta zilipoanza kuletwa kibandani kwake. Hataki jina lake litajwe, nami naheshimu hilo. Kila ukurasa una safu nne zilizopigwa mstari kwa rula: mashine ilikotoka, namba zilizosomwa ndani yake, draiva iliyokubali, na CD au flopi ilikohifadhiwa. Machame, Kibosho, Uru, Marangu, Mamba, Rombo. Mlima mzima umo humo. Na karibu kila mstari unahusu tatizo lilelile: sauti haitoki. Katika maandishi ya historia ya teknolojia yetu niliyoyasoma, sijakutana na hata aya moja inayoipa kazi hii heshima yake.

Mambo ya mwanzo yanajulikana. Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500 kutoka Uingereza, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na mlango haukufunguka sawasawa hadi mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990. Wapo wanaoeleza kila kitu kwa marufuku hiyo. Maelezo yao hayatufikishi mbali. Yanatuambia kwa nini mashine zilichelewa, hayatuambii watu walizifanyia nini zilipofika.

Yaliyotokea Moshi hayaeleweki bila kukumbuka kwamba huu ulikuwa mji wa sauti kabla ya kuwa mji wa kompyuta. Radio Voice of the Gospel ya Addis Ababa ilipoanza kurusha matangazo tarehe 26 Februari 1963, ilipokea vipindi vya Kiswahili kutoka studio ya Walutheri hapa Moshi, iliyojulikana kama Sauti ya Injili. Vipindi vilirekodiwa huku, kanda zikasafirishwa hadi Ethiopia, kisha sauti ikarudi kwa masafa mafupi kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki. Kituo cha Addis Ababa kilitaifishwa Machi 1977, lakini jina la Sauti ya Injili lilibaki Moshi. Miaka hiyo yote kulikuwa na kwaya zilizorekodi, kaseti zilizonakiliwa, na mafundi redio waliojua kuufuata mlio ndani ya waya hadi mahali ulipokatika. Kwa hiyo mtu wa huku alipopata kompyuta, hakuridhika ikichapa barua tu. Fundi wangu anakumbuka swali alilolisikia kuliko yote: je, itacheza nyimbo za kwaya yetu?

Nyingi hazikuweza, na sababu haikuwa ubovu. Kompyuta ilipostaafishwa katika ofisi ya Ulaya, diski yake ilifutwa ili siri za ofisi zisisafiri nayo. CD ya draiva ilibaki kabatini huko, au ilikwisha kupotea. Mashine ikaletwa kwa njia ya undugu wa sharika na parokia, undugu ambao kwa Walutheri wa mlima huu unarudi nyuma hadi wamisionari wa Leipzig waliofika mwaka 1893. Ilipofika ikapigwa Windows 98, na Windows 98, iliyotoka Juni 1998, haikuvitambua vifaa vingi vya sauti vilivyotengenezwa baada yake. Skrini iliwaka, kibodi kikaandika, lakini kwenye orodha ya vifaa ikabaki alama ya kuuliza ya njano. Mashine ilikuwa nzima. Ilikosa mkalimani wa kuiunganisha na kadi yake ya sauti, na mkalimani huyo ndiye draiva.

Mkalimani huyo alipatikanaje? Hapa daftari linatufundisha jambo ambalo vyuo havikulifundisha wakati ule. Jina la nje halikuaminika. Kampuni ya Creative ya Singapore iliinunua Ensoniq, kisha chipu za Ensoniq zikauzwa ndani ya kadi zenye jina la Sound Blaster. Ukitafuta draiva kwa jina la boksi unaweza kupotea siku nzima. Fundi akatafuta namba. Kompyuta nyingi za wakati ule, zikiwashwa, zilionyesha kwa sekunde moja au mbili skrini nyeusi yenye orodha ya vifaa, kila kimoja na namba ya kampuni na namba ya kifaa. Orodha ilipita haraka mno kwa macho. Lakini ukigonga kitufe cha Pause kwa wakati wake, ilisimama, ukainakili kwa kalamu. 1274 na 1371: hiyo ni Ensoniq, hata kama boksi limeandikwa vingine. 1102 na 0002: Creative. 8086 na 2415: Intel, sauti iliyochongwa kwenye bodi kuu yenyewe.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowatesa, na daftari linaipa kurasa kadhaa. Katika mfumo wa AC'97 ulioletwa na Intel mwaka 1997, kazi ya sauti iligawanywa kati ya chipu mbili: moja ya kupitisha data, nyingine ndogo ya kugeuza tarakimu kuwa mlio. Namba ya skrini nyeusi ilitaja ile ya kwanza tu. Ya pili ingeweza kuwa ya Realtek, Analog Devices au SigmaTel, na kila moja ilikuwa na draiva yake. Ilibidi kufungua kifuniko, kupuliza vumbi na kusoma kwa tochi maandishi madogo yaliyo juu ya chipu.

Kadi za zamani zaidi, zile ndefu za ISA, zilikuwa na adabu zake. Ndani ya jalada la daftari umeandikwa mstari ambao fundi anaweza kuusema usingizini: SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 T6. A220 ni anwani kadi inapokaa. I5 ni njia inayoitumia kumwita prosesa. D1 na H5 ni njia za kupitishia data, na T6 ni aina ya kadi. Kosea tarakimu moja, mashine ni bubu. Ukiipa kadi njia namba 7, ambayo kwa kawaida ni ya printa, ukichapa barua sauti inakwama. Mhudumu wa ofisi angesema kompyuta imerogwa. Fundi alibadilisha 7 kuwa 5, kompyuta ikapona.

Baada ya kujua namba, ilibaki kuipata draiva yenyewe. Moshi ya mwaka 2000 ilikuwa na intaneti kafe, nyingi zikiwahudumia watalii wa mlimani. Kwa mwendo wa kilobaiti 4 kwa sekunde, draiva ya megabaiti 10 ilichukua zaidi ya dakika 40, kama laini haikukatika katikati. Flopi moja ilibeba megabaiti 1.44, hivyo ilihitaji flopi saba. Ya saba ikigoma, safari imeanza upya. Ndiyo maana CD moja ya draiva iliyokubali haikufungiwa kabatini, ilinakiliwa na kuazimwa kutoka kibanda hadi kibanda.

Hapo ndipo mafundi walipogawanyika. Kundi la kwanza lilishika dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga windo upya, yaani kuiweka Windows tena tangu mwanzo. Windows XP, iliyotoka Oktoba 2001, ilikuja na draiva nyingi ndani yake, na waliiona kama mwisho wa shida. Kundi la pili lilisema mashine iachwe na Windows yake, itafutwe draiva. Watu wengi leo wangeunga mkono kundi la kwanza, maana lilikuwa na haraka na lilikuwa na jipya. Mimi nimekaa na hoja za kundi la pili na naziona nzito. XP ilitaka angalau megabaiti 64 za kumbukumbu, na mashine nyingi za msaada zilikuwa na 32. Ikipigwa XP kwa nguvu, sauti ilitoka lakini barua ilifunguka kwa dakika. Tena kupiga windo mara nyingi kulimaanisha kufuta diski, na humo mlikuwa na orodha za ubatizo, hesabu za shule, na kumbukumbu za mikutano. Aliyetafuta draiva alitibu kidonda bila kukata mguu. Daftari hili ni kazi ya kundi la pili, na bila wao historia yenyewe ingekuwa imefutwa pamoja na diski.

Na sauti haikuwa anasa. Mtu asiyeona hutumia kompyuta kwa programu inayosoma skrini kwa sauti. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. Kwake, kadi ya sauti ndiyo skrini. Katika mji wenye shule kama Mwereni, ambako watoto wasioona na wanaoona husoma pamoja, kusema kwamba mashine isiyo na sauti ilikosa kitu kidogo tu ni kutofikiri.

Narudi kwenye kauli ya takataka. Nakubali kwamba zilikuwamo zilizokuja zimekufa, na kwamba monita za zamani zina risasi ndani ya kioo chake, jambo ambalo halikutafutiwa utaratibu mapema. Lakini wanaorudia kauli hiyo huhesabu mashine zilizotupwa tu. Hawahesabu zilizofufuliwa, maana hawakuwahi kwenda kibandani. Daftari linazihesabu.

Mwaka huu nilishuhudia moja. Ilishushwa kutoka Marangu ikiwa imefungwa kwa kanga, ina rekodi za kwaya za miaka ya mwanzo ya 2000. Mtu anaweza kusema diski ichomolewe, ifunguliwe kwenye kompyuta mpya. Mafaili ya sauti yangefunguka. Lakini mpangilio wa kazi, yaani sauti ipi iwe na ipi, ilikatwa wapi, iliongezwa wapi, umo kwenye programu ya wakati ule, na programu hiyo haifunguki isipoona kadi yake ya sauti. Bodi kuu za leo hazina nafasi ya kuchomeka kadi ya ISA, na Windows za leo hazina draiva yake.

Fundi alichomoa kadi, akausugua ukingo wake wa shaba kwa ufutio wa penseli mpaka ukang'aa. Akaihamishia nafasi ya pili, akabadilisha betri ya saa, CR2032, akawasha. Alama ya njano ikatokea. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza mpaka akaukuta usharika ilikotoka mashine, akasoma safu ya nne, akatoa CD yenye mwandiko wake wa miaka 20 iliyopita. Ilikuwa na mikwaruzo, ikasomeka mara ya tatu. Mashine ikazimwa, ikawashwa. Waya wa pini ndogo ulikuwa kwenye tundu la kijani, upande wa pili ukiingia kwenye redio-kaseti. Kwanza ulikuja mvumo, kisha besi, kisha soprano. Mama aliyeileta mashine alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mmoja wa waimbaji wale, alisema, ni marehemu dada yake.

Yaliyofuata tangu 2006 ni mafupi. Julai mwaka huo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98, na mgawo mkali wa umeme ulioletwa na ukame uliua mashine nyingi. Kisha zikaja laptopu na simu, na sauti ikawa kitu kisichotafutwa tena. Kadi zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, CD zikaning'inizwa shambani kufukuza ndege.

Hukumu yangu ni hii: mitumba haikuwa takataka, ilikuwa kazi ambayo haijafanywa, na mafundi wa Moshi waliifanya. Ombi langu ni kwa makatibu wa sharika na parokia, walimu wakuu na warithi wa mafundi. Kabla ya kuuza chuma chakavu, fungueni droo. Nakilini kila CD na flopi ya draiva kwenye diski mpya. Andikeni namba za kadi kabla ya kuichomoa, na msiitenge kadi na mashine yake. Mkikuta daftari la fundi, lipigeni picha ukurasa kwa ukurasa na mpeleke nakala maktaba. Hili nililoliona ni moja, liko mikononi mwa mtu mmoja, na halina nakala nyingine.